Ndege wa usiku anayetembea chini, macho makubwa ya njano: ni yupi huyu? (Misungwi, Mwanza)

Nyasi_Kavu

Wakuu, habari za jioni. Naombeni tumtambue ndege huyu kwa uhakika. Naandaa orodha ya ndege wa kata yetu na sitaki kuandika jina la kubahatisha.

Mahali: ngitili (malisho yaliyotengwa) ya zamani upande wa Usagara, wilaya ya Misungwi. Nyasi fupi zilizochungwa, udongo wa kichanga wenye changarawe, migunga michache iliyotawanyika. Maji ya karibu ni lambo la ng'ombe. Ukisimama pale ziwa hulioni.

Muda: kuanzia kama saa 1 na nusu usiku hadi usiku wa manane. Mchana hakuna anayemwona.

Umbo: urefu wa sm 40 hivi toka mdomo hadi mkia. Miguu mirefu, kichwa kikubwa, mdomo mfupi mweusi wenye njano kwenye shina. Macho makubwa mno, ya njano. Mgongo wa rangi ya mchanga wenye alama nyeusi.

Mwendo: anakimbia hatua chache, anasimama wima, anakimbia tena. Ukimkaribia anainamisha kichwa na kuondoka kwa kunyata. Haruki mpaka umsogelee sana.

Sauti: miluzi mikali ya mfululizo, inapanda kisha inafifia, na mwingine anajibu toka mbali.

Picha za simu nimeziweka hapo chini, hazijatulia vizuri. Miguu inaonekana ya njano. Hapa kijijini wapo wanaosema kirukanjia, wapo wanaosema bundi, na wapo wasiotaka hata atajwe usiku.

Boda_Kisesa

Kirukanjia huyo, mkuu. Njia zote za vumbi toka Kisesa kwenda Magu wamejaa. Usiku wanakaa katikati ya njia, taa ikiwapiga macho yanawaka.

Mama_Mabawa

Kaka Boda, hao wa katikati ya njia ni virukanjia kweli, ila huyu wa Nyasi_Kavu siye. Angalia miguu. Kirukanjia ana miguu mifupi kiasi kwamba akitua tumbo linagusa ardhi, na hawezi kukimbia, sanasana atajisogeza kidogo. Chakula chake anakidaka angani, wadudu wanaoruka. Ndege anayekimbia hatua chache, kusimama na kuokota kitu chini hawezi kuwa kirukanjia, hata macho yakiwaka namna gani. Ukubwa nao unakataa: virukanjia wetu wengi wana sm 23 hadi 28, huyu anatajwa kuwa na 40.

Bundi naye tumwondoe mapema. Kwenye nyasi zetu yupo bundi anayelala na kutaga chini, Asio capensis, lakini macho yake ni ya kahawia iliyoiva, karibu meusi. Bundi mwenye macho ya njano anayependa kukaa barabarani usiku ni Bubo africanus, naye ana pembe mbili za manyoya kichwani, uso bapa unaokutazama mzima mzima, na miguu iliyofunikwa manyoya. Wote wawili hawana miguu mirefu mitupu ya kukimbilia.

Kwa maelezo hayo ni chekeamwezi, jenasi ya Burhinus. Swali lililobaki ni chekeamwezi yupi, na hapo ndipo watu wa Mwanza tunapokosea sana.

Jiwe_Juu

Naongezea la virukanjia kwa sababu wengi watausoma uzi huu. Ndani ya jiji, kwenye miamba ya Capri Point, Bugando na Igoma, kuna kirukanjia wa mawe, Caprimulgus tristigma, mweusi-kijivu mwenye vidoa vidogo vinavyofanana kabisa na rangi ya granite. Analala juu ya mwamba wenyewe, hajengi kiota, na mayai anayaweka kwenye jiwe tupu. Ukiingia mashambani na kwenye vichaka vya mchanga, anayekoroma mfululizo bila kupumua ni Caprimulgus fossii. Mkoromo wake unashuka na kupanda kama injini ya pikipiki inayobadilishwa gia. Hakuna chekeamwezi anayekoroma. Kwa hiyo hata bila tochi, masikio yanatosha kutenga makundi haya mawili: mkoromo ni kirukanjia, miluzi ya kupanda na kushuka inayojibizana ni chekeamwezi.

Pwani_ya_Speke

Mimi nasema chekeamwezi maji, Burhinus vermiculatus. Ukanda wote wa Ghuba ya Speke, Igombe, Kayenze hadi Ukerewe, huyo ndiye wa kawaida. Anakaa kwenye fukwe za mchanga, mawe ya kando ya maji na midomo ya mito, na usiku anapanda kwenye nyasi fupi kutafuta chakula. Usagara si mbali na ziwa. Ana sm 38 hadi 41, kwa hiyo ukubwa unakubali.

Mama_Mabawa

Ndugu yangu wa Speke, kwa fukwe nakuunga mkono kabisa. Lakini ziwa lisituamulie jina. Hapa kwetu nyasi kavu na ufukwe vimepakana, na ndege wote wawili wana mabawa. Chekeamwezi madoadoa, Burhinus capensis, ni ndege wa nchi kavu: mbuga zilizochungwa, vilima vya changarawe, viwanja vya mpira, pembezoni mwa viwanja vya ndege. Anaweza kuishi mbali kabisa na maji. Sasa ukikuta chekeamwezi kwenye malisho kilomita chache toka ziwani, makazi peke yake hayakupi jibu. Na mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi, fukwe nyingi za mchanga zilizama, kwa hiyo hata mipaka ya zamani ya "huyu wa pwani, huyu wa bara" usiitegemee sana.

Jibu liko kwenye bawa lililokunjwa. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloamua.

Chekeamwezi maji akisimama pembeni, katikati ya bawa utaona baka refu la kijivu hafifu linalokwenda kwa ulalo kuelekea mkiani. Juu ya baka hilo kuna mstari mwembamba mweupe, na juu ya mstari mweupe kuna ukingo mweusi. Yaani toka juu kushuka chini: nyeusi, nyeupe, kijivu. Mgongo wake una michirizi myembamba, si madoa.

Chekeamwezi madoadoa hana kitu hicho. Bawa lake ni mwendelezo wa mgongo: rangi ya mchanga, na kila unyoya una doa jeusi au kahawia nzito. Hakuna baka, hakuna mstari mweupe. Ukimwona vizuri toka pembeni, upande mzima toka begani hadi mkiani una muundo mmoja tu.

Wapo wawili wengine mtakaowakuta vitabuni. Burhinus senegalensis ana baka la kijivu lenye ukingo mweusi juu lakini bila mstari mweupe. Huyo ni wa kaskazini mwa ziwa, Uganda na kuendelea. Burhinus oedicnemus ni mgeni wa majira ya baridi ya Ulaya, na huishia zaidi Kenya na Uganda. Ukidhani umempata mmojawapo Misungwi, utahitaji picha isiyo na ubishi.

Nyasi_Kavu, picha zako nimezikuza. Ndege amejikunyata, manyoya ya begani yamelala juu ya bawa, na hapo ambapo baka lingekuwepo pamefunikwa. Kwa picha hizi sisemi ni yupi.

Nyasi_Kavu

Asante sana mama, shikamoo. Nimekuelewa. Vipi kuhusu miguu? Nimesoma madoadoa ana miguu ya njano na wa maji ana ya kijani-kijivu. Picha zinaonyesha njano.

Mama_Mabawa

Marahaba mwanangu. Rangi hizo ni sahihi kwa mwanga wa jua, lakini kwa tochi hazifai kuwa ushahidi wa kwanza. Taa za pikipiki za balbu ya zamani zina mwanga wa njano, na mguu wa kijani-kijivu ukimulikwa nao unageuka njano chafu. Tochi nyingi za LED za bei nafuu zina mwanga wa bluu, nazo zinaufanya mguu wa njano uonekane umepauka hadi kijivu. Halafu simu yenyewe inajaribu kusawazisha rangi, na mbele ya giza inakosea.

Namna ya kujilinda: beba karatasi nyeupe. Ukishampiga picha ndege, mulika karatasi hiyo kwa tochi ileile, umbali uleule, ipige picha. Karatasi ikitoka ya njano, basi njano ya miguu ipunguze uzito. Ikitoka nyeupe, unaweza kuitaja rangi ya miguu kama ushahidi wa nyongeza. Bawa linabaki la kwanza, sauti ya pili, miguu ya tatu.

Jambo jingine: kinda aliyekua wa madoadoa ana michirizi zaidi mgongoni kuliko mzazi. Usipomtazama bawa utamwita chekeamwezi maji kwa sababu ya michirizi tu.

Fundi_Sauti

Kwenye sauti tuwe waangalifu pia. Wote wawili wanapiga miluzi ya mfululizo, na usiku wa mbalamwezi wanapiga zaidi. Madoadoa huanza kwa haraka na kwa sauti ya chini, anapanda, kisha anafifia: pi-pi-pi-pi-piyuu-piyuu-piyuu-pi-pi. Wa maji naye anaanza kwa haraka, ti-ti-ti-ti, ila mwishoni anaburuta na kushuka, tii, tiii, tooo, kwa huzuni fulani. Tofauti ipo kwenye mwisho wa wimbo, na watu wengi wanarekodi mwanzo tu kisha wanazima.

Ukitaka rekodi yenye maana fanya hivi. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa). Usitume kwa sauti ya WhatsApp, kwa sababu inabana faili na kula sauti za juu, na ukishaipeleka huko hairudi. Ikibidi kutuma kwa WhatsApp, itume kama hati. Weka simu katika hali ya ndegeni ili meseji isiingie katikati. Elekeza maikrofoni, ile tundu ya chini, upande wa ndege, na iweke simu juu ya begi au jiwe, usiishike, maana vidole vinavyosogea kwenye kava vinasikika kuliko ndege. Upepo wa ziwani huku huvuma mchana na kutulia usiku unapoingia, kwa hiyo saa 2 hadi saa 4 panakuwa kimya kiasi. Acha irekodi dakika nzima baada ya wimbo wa mwisho, halafu taja kwa mdomo mahali, tarehe na saa kabla ya kuzima. Faili lisilo na maelezo hayo baada ya mwezi halina kazi.

Programu za kutambua ndege kwa sauti zinasaidia, lakini nyenje na vyura vya lamboni vinazichanganya, na zikisikia kipande cha wimbo hutoa jina kwa kujiamini. Linganisha mwenyewe na rekodi za xeno-canto (tovuti ya sauti za ndege) za ndege wote wawili, usikilize wimbo mzima hadi mwisho.

Na jambo la kupigia ndege rekodi ili aje: akishajibu zima. Ukiendelea, anaacha kula na kuzunguka akitafuta mvamizi asiyekuwepo. Wakati wa kutaga usifanye kabisa.

Boda_Kisesa

Sawa, kirukanjia nimemwacha. Ila mbona yapo macho yanayowaka rangi ya chungwa mashambani, yanaruka juu chini juu chini, na mara nyingi ni jicho moja? Naye ni chekeamwezi?

Jiwe_Juu

Huyo ni kamendegere, mnyama anayeruka kwa miguu ya nyuma. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, ndiyo maana unapata jicho moja. Mwanga wa jicho ukienda juu chini ni kamendegere, ukiteleza sawasawa usawa wa magoti kisha ukasimama ni chekeamwezi, ukibaki palepale usawa wa vumbi ni kirukanjia. Rangi ya mng'ao usiiamini, inabadilika kwa pembe ya tochi.

Ili uone mng'ao, shika tochi karibu na shavu, usawa wa jicho lako. Ukiishika kiunoni mwanga unarudi kiunoni, na wewe huoni kitu. Wenye tochi ya kichwani wana nafuu.

Mama_Mabawa

Sasa namna ya kupata picha ya bawa, maana ndicho kinachohitajika.

Njia bora haihitaji tochi. Chekeamwezi mchana yupo palepale, amekaa kwenye kivuli cha kichaka, miguu imekunjwa na amelalia kisigino, yaani lile fundo kubwa katikati ya mguu ambalo watu hulidhani ni goti. Anatumia kivuli kilekile siku nyingi. Tafuta chini ya vichaka alama za nyayo: vidole vitatu vya mbele, vifupi na vinene, bila kidole cha nyuma. Kanga na kwale wanaacha alama ya kidole cha nyuma. Ukishajua kichaka, kaa mbali mita 40 ukiwa na jua mgongoni, subiri jioni. Mwanza jua huzama karibu na saa 12 na dakika 50, kutegemea mwezi, na giza letu halichelewi: una kama dakika 20 za mwanga unaofaa. Ndani ya dakika hizo ndege anasimama, ananyoosha bawa moja na mguu mmoja kwa pamoja, kisha anaanza kutembea. Kule kunyoosha bawa ndiko kunakomaliza ubishi wote.

Usiku kosa kubwa ni kumwendea moja kwa moja huku tochi ikiwa usoni mwake. Anajikunyata, bawa linafunikwa, mwisho analala chini shingo imenyooka, na unaishia na picha ya mgongo. Badala yake tembea kwa ulalo, kana kwamba unampita. Simama mita 25. Zima au punguza mwanga, subiri dakika 5 bila kusogea. Atanyanyuka. Mwenzako awe na tochi mita 2 au 3 pembeni yako, si pamoja na kamera. Mwanga ukitoka palepale penye lenzi unafuta vivuli vyote na muundo wa manyoya unakuwa bapa, ukitoka pembeni mstari mweupe unaonekana hata kwenye simu ya kawaida.

Kwenye simu chukua video, kisha ukate picha humo. Usikuze kwa vidole. Bonyeza na kushikilia kwenye ndege ili umakini (fokasi) ujifunge, halafu shusha mwanga kidogo, maana tumbo jeupe linaungua na kuharibu kila kitu. Sekunde 20 zinatosha, zima tochi, mwache. Usiyamulike macho yale muda mrefu: yameumbwa kwa giza, na ndege aliyepofushwa anaweza kurukia waya au kubaki palepale paka akamkuta.

Akiruka, tazama juu ya bawa. Wote wana mabaka madogo meupe kwenye manyoya marefu ya nchani. Wa maji ana na lile baka la kijivu pana, madoadoa hana.

Mzee_wa_Kitongoji

Vijana, kabla ya yote hayo toeni taarifa. Mtu mwenye tochi anayezunguka kwenye malisho saa 3 usiku, akiinama na kusimama, Usukumani atachukuliwa kuwa mwizi wa ng'ombe. Sungusungu ilizaliwa huku huku miaka ya 1980, na bado ipo. Nenda mchana kwa mwenyekiti wa kitongoji na kamanda wa sungusungu, waeleze unatafuta ndege, waachie namba ya simu, taja usiku gani na eneo gani. Ngitili nyingine ni za familia, nyingine za kijiji, kwa hiyo na mwenye ngitili naye aombwe. Ukipata kijana wa palepale kuwa naye ndiyo bora zaidi.

Vaa gambuti. Moma hulala kwenye njia za vumbi usiku kwa sababu bado zina joto, na hakimbii akikusikia.

Na wale wanaoogopa ndege huyu waelezeni taratibu. Anakula mende, panzi, mchwa, mijusi midogo. Hana lolote na nyumba ya mtu.

Lamadi_Mashariki

Kwa walioko Lamadi, Ndabaka na kuingia Serengeti, kuna wengine wa kuchanganya: jenasi ya Rhinoptilus. Ni wadogo kuliko chekeamwezi, wembamba, na wote wana mikanda kifuani, kitu ambacho chekeamwezi hana. R. africanus ana sm 20 hadi 24 na mikanda miwili myembamba myeusi, anapenda nyasi fupi tupu na huonekana hata mchana. Hutaga yai moja tu. R. cinctus ni wa vichaka vikavu, usiku zaidi, na mikanda yake imekaa juu ya kifua na shingoni. R. chalcopterus ana mkanda mmoja mweusi, uso wa madoa meusi na meupe, miguu myekundu iliyofifia, naye huonekana barabarani usiku. Kwa hiyo ukikuta mkimbiaji wa usiku, kwanza kifua: kuna mkanda au hakuna? Hakuna, ndipo uende kwenye bawa.

Yupo pia Vanellus coronatus, mwenye utosi mweusi uliozungushiwa pete nyeupe, miguu na mdomo mwekundu. Anapiga kelele usiku kucha akisumbuliwa, na watu humhesabu kuwa ndege wa usiku. Sauti yake ni ya kukwaruza, haina miluzi.

Nyasi_Kavu

Wakuu, nimerudi na video mpya. Mwenyekiti amearifiwa, na kijana wa sungusungu ndiye aliyeshika tochi. Ndege wawili, mwanga wa pembeni kama mama alivyoelekeza. Kwenye sekunde ya 11 mmoja anasimama wima kabisa upande wa kushoto. Kwenye sekunde ya 17 ananyoosha bawa. Picha ya karatasi nyeupe ipo mwisho wa video, imetoka nyeupe. Sauti ni WAV, wimbo mzima.

Pwani_ya_Speke

Nimeitazama. Hakuna baka la kijivu, hakuna mstari mweupe. Madoa yanaanzia kisogoni na kwenda moja kwa moja hadi kwenye bawa. Huyo si wa kwetu wa ufukweni.

Fundi_Sauti

Wimbo unafifia bila kuburuta. Unakubaliana na picha.

Mama_Mabawa

Burhinus capensis, chekeamwezi madoadoa. Mwandike bila wasiwasi. Kwenye orodha yako usiandike jina tu. Andika: majira-nukta (GPS) ya simu, tarehe, saa, hali ya mwezi, aina ya nyasi na urefu wake, idadi ya ndege, na sentensi moja ya ushahidi, "bawa lililokunjwa halina baka la kijivu wala mstari mweupe, limeonekana upande wa kushoto, mwanga wa pembeni". Sentensi hiyo ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine kuiamini rekodi yako baada ya miaka 10. Weka na eBird (tovuti ya kumbukumbu za ndege), na ukiweza ipeleke kwa watu wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Maeneo ya Misungwi na Kwimba yanapitwa na wapiga picha wanaokimbilia Serengeti, kwa hiyo kila rekodi yenye ushahidi ina thamani kubwa.

Dengu_na_Pamba

Nina swali linalohusiana. Shamba langu limepakana na malisho ya namna hiyo hiyo. Kuna mayai 2 chini, hayana kiota, yana rangi ya udongo na mabaka ya kahawia. Ndege anayekaa hapo ni huyu huyu wa kwenye video. Wiki hii plau inaingia. Nifanye nini? Yakihamishwa pembeni atayafuata?

Mama_Mabawa

Asante kwa kuuliza kabla plau haijaingia. Usiyahamishe. Hata mita chache anaweza kuyaacha, kwa kuwa anarudi mahali, na yai lililosogezwa hapo pembeni kwake si lake.

Mayai 2 ndiyo kawaida yao, marefu kama sm 5. Vanellus coronatus huwa na 2 hadi 4, madogo zaidi, yaliyochongoka upande mmoja. Kanga hutaga mengi, yenye ganda gumu la rangi moja. Kwa maelezo yako ni chekeamwezi. Vijiwe na vinyesi vikavu vya mbuzi utakavyovikuta kuzunguka mayai ndivyo kiota chenyewe, usivisafishe.

Chomeka vijiti viwili, kimoja kila upande, mita 3 toka kwenye mayai. Visiwe virefu, sm 30 zinatosha, na usifunge kitambaa wala mfuko, maana kunguru wamezoea kufuata alama za watu. Mwonyeshe anayeongoza ng'ombe vijiti hivyo asubuhi kabla ya kuanza. Akifika hapo anainua plau, anapita, anaishusha upande wa pili. Unapoteza kipande cha mita 6 kwa mita 2 hivi. Ng'ombe wapitishwe pembeni: ndege atasimama na kutanua mabawa kuwatisha, na mara nyingi ng'ombe hukwepa, lakini akiwa na nira hawezi kukwepa.

Fanyeni kazi hiyo mapema asubuhi au jioni. Saa 6 mchana mzazi akiondoka, jua linaua mayai haraka kuliko mnyama yeyote. Mkimaliza mstari huo ondokeni wote, msisimame kutazama kama amerudi. Hatarudi mkiwa mnatazama.

Wanaatamia wote wawili kwa zamu, siku 24 hivi au zaidi kidogo. Kama hujui yametagwa lini, hesabu 24 toka leo. Vifaranga hawakai kiotani, ndani ya siku moja wanatembea na kujificha kwa kulala chini wakiwa wamenyooka. Watoto wakikuletea kimoja, usikifuge. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka kibali kukamata mnyamapori, na kufuga kwa unga na mchele kunakiua. Kirudisheni palepale kilipookotwa, kwenye kivuli cha nyasi, muondoke. Wazazi watakiita jioni.

Hilo la dawa ya pamba pia: msinyunyizie kile kipande cha vijiti, wala mita 10 kukizunguka. Mende na panzi wa hapo ndio chakula chao cha wiki za kwanza, na kifaranga anaanza kuruka akiwa na wiki 7 au 8.

Dengu_na_Pamba

Nimeelewa mama. Vijiti nachomeka leo jioni, na dereva wa plau nitampeleka mwenyewe alfajiri.